Mtoto wa darasa la pili asiyesoma: namna ya kutafuta alipokwama

Kila darasa la pili lina watoto wanaoitikia kwa sauti kubwa kuliko wote mwalimu anapoongoza kusoma ubaoni. Ukiwafungulia ukurasa ambao hawajauona, kimya. Wamehifadhi, hawajasoma. Dawa iliyozoeleka ni kuwaanzisha upya a, e, i, o, u pamoja na watoto wa darasa la kwanza, na mara nyingi haisaidii, kwa sababu hawakukwama hapo. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hivyo ngazi za kujifunza kukisoma ni chache na zinajulikana. Mtoto anakuwa amekwama kwenye ngazi moja, mara chache mbili. Ukiijua ngazi yenyewe, kazi inapungua nusu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Unguja au Pemba mwenye watoto 50, 60 au zaidi katika chumba kimoja, bila msaidizi.

Kwanza daftari la mahudhurio

Chukua daftari la miezi mitatu na kalenda ya mwezi mwandamo, uviweke pamoja. Katika vijiji vya mwani, utoro wa baadhi ya watoto unafuata bamvua: maji yanapokupwa sana mama anashuka pwani, na mtoto ama anashuka naye ama anabaki nyumbani kulea mdogo wake. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi mwandamo, kwa hivyo mtoto huyo anapotea siku mbili tatu kila baada ya wiki mbili. Akirudi anakuta silabi mpya zimeshapita. Pemba kuna msimu wa karafuu, ambapo nyumba nzima inachuma mchana na kuchambua usiku. Na wapo wanaomfuata baba dago, yaani kambi ya wavuvi.

Zungumza na wazazi, ndiyo, lakini usisubiri wabadilike. Panga kazi yako ifuate maji: silabi mpya zifundishwe wiki za maji mafu, yasiyokupwa sana, na siku za bamvua ziwe za marudio na michezo. Kuna walimu wanaoona kufanya hivi ni kuuhalalisha utoro. Sisi tunaona mtoto aliyekosa marudio amepoteza kidogo, na aliyekosa somo jipya amepoteza kila kitakachojengwa juu yake.

Angalia pia nani alipitia skuli ya maandalizi. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 iliingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya lazima, lakini si kila mtoto aliyekaa mbele yako ameipata. Asiyeipata hana tatizo la akili. Anadai miezi ambayo wenzake walikwisha kupewa.

Macho, masikio, mwili

Kipimo cha macho unaweza kukifanya mwenyewe. Kwenye kadi nyeupe chora kwa wino mweusi herufi E yenye miguu mitatu iliyo sawa, ndani ya mraba wa milimita 17 na nusu kila upande. Kila mstari uwe na unene wa milimita 3 na nusu, na nafasi nyeupe kati ya mguu na mguu iwe vivyo hivyo. Pima mita 6 kwa futi kamba, nje kwenye kivuli chenye mwanga mzuri. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha aoneshe kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi: juu, chini, kulia au kushoto. Igeuze kadi mara tano kwa kila jicho, ukiificha kila unapoigeuza. Akipata nne, jicho hilo linaona mbali vya kutosha kusoma ubaoni. Akipata chini ya hapo, rudia siku nyingine, na matokeo yakiwa yale yale mpeleke kitengo cha macho. Kosa kubwa hapa ni kupima macho yote mawili kwa pamoja. Jicho zuri hulificha bovu.

Kwa masikio, simama nyuma ya mtoto umbali wa mkono ulionyooka ili asikuone mdomo. Mwambie alizibe sikio moja kwa kukibonyeza kile kinyama cha mbele ya tundu. Toa pumzi kwanza, kisha nong'ona neno moja analolijua: sabuni, kisu, mchele. Alirudie. Maneno sita kila sikio. Akikosa zaidi ya matatu, apimwe hospitali. Sikio linalotoa usaha halisubiri kipimo, linakwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mwambie mzazi asitie mafuta wala maziwa ndani yake.

Mtoto anayelala darasani kila siku ana sababu. Huenda hakula tangu jana. Huenda ana minyoo au kichocho. Maradhi haya yote mawili yanapunguza damu, na mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka kabla ya kipindi kwisha. Muulize bila wenzake kusikia kama mkojo wake una damu, kwani wapo watoto wanaoona ni jambo la kawaida. Huenda pia halali vya kutosha. Mtoto wa umri huu anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na anayelala saa tano usiku kisha akaamshwa alfajiri kwa mkondo wa asubuhi hazipati.

Jengine ambalo walimu wengi hawalijui: mtoto anayekodoa macho ghafla kwa sekunde chache, asisikie anapoitwa, halafu akaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu, tena mara nyingi kwa siku. Anaonekana mzembe, na huenda ni aina ya kifafa kisicho na kuanguka. Kina dawa. Andika tarehe, saa na sekunde kila unapoliona, umpe mzazi karatasi hiyo aende nayo kwa daktari.

Kipimo cha dakika tano

Wape wenzake kazi ya kuchora au kunakili, ukae na mtoto mmoja pembeni. Wenye shaka wakiwa 15, watoto wanne kwa siku, utawamaliza ndani ya siku nne. Andaa karatasi moja yenye herufi kubwa za kuchapwa au za mkono safi, na vitu kumi katika kila ngazi isipokuwa ya kwanza na ya mwisho.

1. Sikio, bila maandishi. Mwambie apige makofi silabi za sa-ma-ki, me-za, ka-ra-fu-u. Kisha muulize: "kisu" ukiondoa "ki" inabaki nini?
2. Herufi moja moja, kwa sauti zake, zikiwa zimechanganywa.
3. Silabi zilizochanganywa: ki, lo, sa, pe, mu, te, na, fi, zo, ba.
4. Maneno ya silabi mbili au tatu. Nusu yawe ya kweli ambayo si ya kitabu chao, nusu yasiwe na maana: fadu, zelo, mikope. Neno lisilo na maana haliwezi kuhifadhiwa, ndiyo faida yake.
5. Konsonanti zilizoungana na m au n iliyosimama peke yake: ndizi, nyumba, chaza, ghali, dhahabu, kwale, ng'ombe, mtu, nchi, mbwa.
6. Sentensi tatu fupi na swali moja la maana yake.

Mpe sekunde tatu kwa kila kitu, kisha nenda mbele bila kumsahihisha. Akipata nane katika kumi amevuka ngazi. Akikosa matatu mfululizo, simama. Hapo ndipo alipokwama. Usiendelee kwa kutaka kujua zaidi, mtoto anaumia bure. Katika ngazi ya kwanza na ya mwisho tumia busara yako.

Angalia usimhukumu kwa lafudhi. Mtoto wa Pemba au wa shamba Unguja akiona "mtu" akasema "ntu", amesoma, kwa kuwa ndivyo neno hilo linavyosemwa kwao, na "nkono" na "nti" vile vile. Kosa litatokea kwenye kuandika, na hapo maneno ya kumwambia ni mafupi: mdomo unasema n, mkono unaandika m. Mtoto ambaye kwao wanasema "zahabu" naye mwache aseme. Muoneshe "dhahabu" na "zabibu" umuulize ipi ni ipi. Akizitofautisha kwa macho, hana tatizo la kusoma.

Anayesoma kutoka kulia

Mtoto anayesoma "lima" akasema "mali", au "kasa" akasema "saka", muulize kwanza anakwenda chuoni, yaani chuo cha Qurani, saa ngapi na amefika wapi. Watoto wetu wanajifunza maandishi mawili kwa wakati mmoja, moja linatoka kulia na jengine linatoka kushoto. Kwa miezi kadhaa macho hayajui pa kuanzia. Chora nyota ndogo pembe ya kushoto ya kila mstari, ubaoni na daftarini, na kidole kianze kwenye nyota. Iache nyota mpaka uone kidole kinakwenda chenyewe, halafu ichore mstari wa kwanza tu, halafu iondoe.

Chuo hicho hicho kina hazina ambayo skuli huwa haiitumii. Aliyekwisha kujua kwamba be yenye fataha ni ba, yenye kisra ni bi, yenye dhumma ni bu, ameshaielewa silabi kabla hujamfundisha. Mkumbushe hivyo, kisha muoneshe b na a zikikaa pamoja. Tahadhari moja: e na o hazina alama zake katika irabu hizo tatu, na baadhi ya watoto wa chuoni wanachanganya be na bi, bo na bu kwenye maandishi. Ukiliona hilo, zipe e na o muda zaidi kuliko a.

Kukwama kwenye sikio

Kundi hili ni dogo na ndilo linaloonewa zaidi, maana wanapewa herufi ilhali hawajui kwamba neno linakatika vipande. Weka komwe nne, zile mbegu za kuchezea bao, mbele ya mtoto. Sema "kisu", asukume komwe moja kwa "ki", moja kwa "su". Nenda hadi maneno ya silabi nne. Baada ya siku chache anza kuondoa: ukisukuma komwe ya kwanza kando, kinabaki nini?

Halafu ingiza kinyume, ule mchezo wa watoto wa kulileta mbele fungu la mwisho: nazi inakuwa "zina", samaki inakuwa "kisama". Wazee wengi waliucheza ili wakubwa wasiwaelewe. Anayeweza kuzungumza kinyume anakata silabi bila kufikiri, na sijui zoezi la kitabuni linaloushinda. Dakika kumi kila siku, darasa zima linaweza kucheza.

Kukwama kwenye herufi

Kugeuza b ikawa d ni jambo la kawaida kwa mtoto wa miaka 6 au 7, na halimaanishi ana ugonjwa. Kinacholizidisha ni kufundisha herufi zinazofanana wiki moja. Fundisha b mpaka ikae, d ije baada ya wiki kadhaa. Vivyo hivyo kwa m na n, na kwa n na u.

Mkono hukua kutoka begani kwenda kwenye vidole, kwa hivyo anza kwa mwendo mkubwa: hewani kwa mkono mzima, kisha kwa kidole kwenye sinia lenye mchanga wa pwani wa unene wa sentimita moja, kisha chaki, mwisho penseli. Mchanga ukiwa mwingi herufi inafukika, ukiwa haba kidole kinagonga sinia na mstari hauonekani. Penseli iwe kipande kifupi, sentimita 8 hivi. Penseli ndefu inamruhusu mtoto kuikamata kwa ngumi, fupi inamlazimisha kutumia vidole vitatu. Wanaocheza mdako sana huwa na vidole vyepesi, waache wacheze.

Anayeandika kwa mkono wa kushoto aachwe aandike hivyo. Adabu ya kulia inabaki kwenye chakula na kusalimiana. Mkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto asigongane viwiko na jirani, na kichwa cha daftari kielekee kulia kidogo ili aone anachokiandika.

Kukwama kwenye silabi

Hapa ndipo walipo wengi, na kisa chake ni wimbo. "Ma, me, mi, mo, mu" ikiimbwa kwa mpangilio mmoja mwaka mzima, mtoto anajua kwamba ya tatu ni mi. Ifunike "ma" na "me" kwa karatasi, na mi imepotea. Baada ya siku ya kwanza usizipange tena kwa utaratibu huo.

Anza na konsonanti zinazoweza kuvutwa: m, s, n, l, f, z. Mtoto anavuta "mmmm" huku kidole kikisogea hadi kwenye a, na silabi inajitokeza yenyewe. Ukianza na b, t au k huwezi kuzivuta. Mtoto anasema "be" kisha "a", anapata "bea", na anabaki hapo akikuangalia.

Kusanya vizibo vya soda na chupa za maji, uvioshe, uandike herufi ndogo kwa kalamu ya wino usiofutika: vokali kwa buluu, konsonanti kwa nyeusi. Watoto wawili wanahitaji vizibo 15 tu: a, i, u tatu tatu, e na o moja moja, na m, s, l, k kimoja kimoja. Inatosha kuunda lima, mali, kima, simu, sumu, kisu, limao, sikio, kamusi, samaki, kisima. Ukiongeza k ya pili na m ya pili wanapata kuku na mama. Sheria ya mchezo ni kubadilisha kizibo kimoja kila mara: simu, sumu. Mabadiliko ya kizibo kimoja ndiyo yanayofundisha kwamba kila herufi ina kazi yake.

Kukwama kwenye konsonanti zilizoungana

Mfundishe mb, nd, nj, nz, mv, ny, ch, sh kama kitu kimoja, kadi moja, sauti moja: nyu-mba, wala si nyum-ba. Wengi wanaosomeshwa "n, d, a" wanapata "nida".

Halafu ipo m iliyosimama peke yake, inayopigiwa kofi lake: m-tu, m-ti, m-pi-ra. Na ng yenye alama juu isifundishwe pamoja na isiyo nayo. Ngoma wiki hii, ng'ombe baada ya wiki mbili, na alama ile uiite sehemu ya herufi, isiwe pambo.

Anayesoma kila neno sawasawa lakini hajui amesoma nini anasoma polepole mno, akifika mwisho ameusahau mwanzo. Asome sentensi ile ile mara tatu, kisha umpe kadi za kutenda: "Weka chaki juu ya kitabu." "Simama nyuma ya mlango." Akitenda, ameelewa.

Kulipanga darasa

Kwa kipindi cha dakika 40: 10 za pamoja, 20 za makundi, 10 za kusomeana wawili wawili. Makundi manne yanatosha. Kila siku unakaa na moja, na lile lililokwama chini zaidi unakaa nalo mara mbili kwa wiki. Yape majina ya samaki, changu, tasi, pono, kolekole, na usiyapange kwa ubora, ingawa watoto watajua tu baada ya siku mbili. Cha kuwalinda ni kuyabadilisha kila baada ya wiki tatu au nne. Kundi lisilovunjwa linageuka kuwa daraja.

Katika kusomeana usimpe mtoto aliyekwama yule bingwa wa darasa. Bingwa anamjibia. Mpe aliyevuka ngazi hiyo mwezi uliopita, huyo bado anakumbuka ugumu ulikuwa wapi.

Mwenye usikivu mdogo akae mbele, upande wa sikio zuri, na wewe usiseme ukiwa umeelekea ubaoni. Mwenye ualbino akae mbele mbali na dirisha, kwa sababu mwanga mkali unamuumiza macho, na aruhusiwe kuliendea ubao. Mwenye kigugumizi asome pamoja na mwenzake kwa sauti moja. Wengi hawakwami wanaposoma kwa pamoja. Usimmalizie neno. Na bakora haijamfundisha mtu silabi: mtoto mwenye khofu akili yake yote iko kwenye mkono wako.

Kuzungumza na nyumbani, na kupima tena

Mara nyingi anayekuja skuli ni bibi. Salimianeni, ulizia wa nyumbani, halafu anza na analoliweza mtoto: "Bibi, huyu mjukuu wako hesabu zake za kichwa ni nzuri sana. Kwenye kusoma nimeona anapokwama, nataka unisaidie." Muulize mtoto alianza kutembea na kusema lini, kama aliwahi kupata degedege au homa kali ya kulazwa, analala saa ngapi, na nani nyumbani anayejua kusoma. Kama hakuna, haidhuru. Kazi ya nyumbani iwe dakika kumi ambazo hazihitaji msomaji: mtoto atafute silabi za leo kwenye mfuko wa unga, pakti ya chumvi au kanga ya bibi, azinakili, aje nazo kesho.

Pima tena baada ya wiki sita kwa karatasi yenye maneno mengine. Aliyevuka ngazi hata moja anaendelea hivyo hivyo. Ambaye hakusogea, badilisha njia mara moja, si kuongeza muda wa njia ile ile, umpime tena baada ya wiki sita nyengine. Akiwa bado pale pale, na macho, masikio na mahudhurio yameshaangaliwa, mpelekee mwalimu mkuu suala lake ili liende kituo cha walimu au kitengo cha elimu mjumuisho cha wizara. Barua isiseme "hafahamu masomo". Iandike ngazi aliyokwama, tarehe mbili za kipimo na alama zake, matokeo ya E na ya mnong'ono kwa kila upande, siku alizokosa, na njia mbili ulizojaribu, kila moja kwa wiki ngapi.